Kofia Iliyokwama Kwenye Kompyuta ya Shangazi

Kwa watu wa mjini kwetu, mtu aliyerudi kutoka Uingereza ana sifa mbili: ana pesa, na anaweza kutengeneza kitu chochote chenye waya. Sifa ya kwanza nimeikanusha mpaka nimechoka. Ya pili siikanushi, kwa sababu ni kweli.

Nina diploma ya kompyuta. Niliisoma jioni, na mchana nikiosha masufuria ya hoteli moja Leicester, masufuria ambayo mtu mzima angeweza kuogea ndani. Sikuombewa nafasi na mjomba aliye wizarani wala sikuchangiwa na ukoo. Leo diploma hiyo imo ndani ya fremu ya kioo, ukutani kwangu Mkunazini, mkabala na mlango, ili mgeni asipate tabu ya kuitafuta. Tangu nirudi nimeshaletewa pasi, feni, na kibaniko cha mikate ambacho mwenyewe alikiri kwamba alikiosha kwa maji na sabuni. Mara moja bwana mmoja alinisimamisha Darajani akaniuliza kama ninaweza kumtengeneza mwanawe awe kama mimi. Huyo nilimwambia ukweli, kwamba vipuri havipatikani tena.

Kwa hivyo shangazi yangu aliponipigia simu asubuhi moja, sikushtuka.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Ushaamka?"

"Nshaamka zamani."

"Basi njoo. Programu yako imekufa."

Niliona alivyochagua maneno. Kompyuta ni yake, meza ni yake, umeme ni wake, lakini maiti ni yangu.

Shangazi anakaa Kiponda, ghorofa ya juu kabisa, mwisho wa ngazi zilizojengwa na mtu ambaye bila shaka hakuwa na magoti. Nilipofika juu nikihema, nilimkuta na mgeni: bibi mmoja wa Makunduchi, mwembamba, amejifunga kanga mbili, amekaa kwenye mkeka na miguu ameinyoosha. Nilimwamkia, akaniitikia marahaba, kisha akamgeukia shangazi.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye."

"Nlidhani mkubwa zaidi."

Inafaa nieleze alikuja kufanya nini, kwa sababu siku nzima ile ilikuwa juu yake.

Kofia ya viua, kwa asiyeijua, si kofia ya kununua ukaitia mfukoni. Ni matundu madogo madogo, kila tundu limezungushiwa uzi kwa mkono, na matundu hayo yakikusanyika ndiyo yanayofanya maua. Mwanamke mmoja huishona kwa miezi. Lakini kabla hajashika sindano lazima apate mchoro: duara la juu, na ukanda mrefu wa pembeni, ambao ukizungushwa kichwani ncha zake hukutana na ua likaungana kama halikukatwa. Hapo ndipo penye kazi. Vichwa vya watu havilingani, na ukanda uliopimwa kwa kichwa kimoja, ukivutwa kwenda kwenye kichwa kingine, ua la mwisho hubaki nusu kama muwa uliotafunwa.

Mume wa shangazi, Mungu amrehemu, alikuwa mchoraji wa kofia, na mchoraji hasa. Uzeeni mkono wake ulipoanza kutetemeka alinunua kompyuta iliyokwishatumika, akayachora maua yake yote humo kwa kipanya, pole pole, kidoti kwa kidoti. Mimi nilipokuja likizo nikamwandikia programu. Wenyewe tunaziita skripti: faili tatu ndogo za maandishi, moja inaziita mbili nyingine. Unabofya ile ya kwanza, inakuuliza kwa Kiswahili, "Kichwa?", unaandika kipimo, na yenyewe inayapanga maua upya kuzunguka ukanda bila kulinenepesha tundu wala kulikondesha, kisha inachapa. Kabla ya hapo hesabu hiyo ilikuwa ikipigwa kwa uzi, vidole na kugombana. Sisemi kwa kujisifu. Nasema kwa sababu hakuna mwengine aliyewahi kulisema.

Marehemu alipofariki, nguo zake zilitolewa sadaka kama ilivyo desturi, na kofia zake zote zikaenda nazo. Hakuna aliyefikiri kubakisha moja. Ua lake la kwanza, lile alilojichorea mwenyewe na kulivaa siku ya ndoa yake, likawa halipo tena duniani isipokuwa ndani ya kompyuta ile. Na sasa mjukuu wao alikuwa anaoa, Mfungo Mosi, Ramadhani ikiisha, na shangazi alikuwa ameweka nadhiri kwamba ataoa amevaa ua la babu yake.

Mjukuu mwenyewe, kwa taarifa, ana kichwa kikubwa kuliko cha babu yake. Nina ushahidi: shangazi alikuwa amekipima kwa uzi, na uzi huo, wenye fundo, alikuwa ameuning'iniza kwenye msumari juu ya kompyuta.

Bibi wa Makunduchi ndiye mshonaji pekee aliyebaki ambaye shangazi humwamini kwa viua vidogo namna ile. Lakini kuna mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akimfuata amshonee kofia za kuuzia watalii wa Kendwa, mzigo wa msimu mzima. Bibi alikuwa amemwahidi jibu siku ile ile.

"Mwenzangu," alimwambia shangazi mbele yangu, "macho yangu yana kofia moja tu ya namna hiyo mwaka huu. Ama hii yako, ama nkashone za Kendwa. Gari ya shamba, ya kwetu Makunduchi, yaondoka baada ya Alasiri. Nkipata karatasi nnakwenda nayo. Nsipoipata, ntamwambia yule bwana ndiyo."

"Utaipata," akasema shangazi, akaniangalia mimi.

Nikaondoa kitambaa. Kompyuta ya shangazi, kama redio, kama mtungi, kama kila kitu nyumbani kwake kisichokimbia, ilikuwa imefunikwa kitambaa cha kufuma. Ni ya zamani hizo kompyuta zilipokuwa bado zina kisogo. Kiwambo chake kimetokeza nyuma hadi kinakaribia ukuta. Nikaiwasha. Ikavuma, ikatafakari, ikavuma tena. Nilipata nafasi ya kunywa chai ya mchaichai yote na kula kipande cha mkate wa kumimina kabla haijakumbuka kwamba ni kompyuta. Kisha nikabofya skripti yangu.

Dirisha jeusi likatokea, likatoweka. Kufumba na kufumbua, halipo.

Nikabofya tena. Likatokea, likatoweka.

"Umeona?" akauliza shangazi.

"Nimeona."

"Umeona nini?"

"Nimeona haifunguki."

"Hilo hata mie nimeliona," akasema bibi wa Makunduchi, "na sijafika hata kisiwani Chumbe, seuze Ulaya."

Nikawaeleza kwa utulivu, kama tulivyofundishwa kuzungumza na mteja, kwamba programu yangu haina kasoro. Ilifanya kazi nilipoiacha, na maandishi hayaozi. Kasoro imo ndani ya mashine. Mashine ni kuukuu, na kitu kikiwa kikuukuu husahau.

"Basi nawe uikumbushe," akasema yule bibi.

Nikaanza na saa. Betri ndogo ya ndani ilikuwa imekwisha, na kwa hivyo kompyuta ilikuwa inaamini kwamba tumo miaka mingi nyuma. Kwa hesabu yake marehemu alikuwa hai na mimi nilikuwa bado ninaosha masufuria. Nikairudisha kwenye mwaka wetu, nikabofya. Dirisha likatokea, likatoweka.

Nikalifungua kasha lake. Ndani nilikuta vumbi la kutosha kupanda muhogo, na mayai ya mjusi mawili, na harufu ya udi, kwa sababu shangazi hufukiza kila Alhamisi na hakuona kwa nini kompyuta ibaguliwe. Nikasafisha kwa brashi ya rangi, nikachomoa kila kilichoweza kuchomolewa, nikakirudisha. Shangazi alikuwa ameshika mayai ya mjusi kwenye kiganja, anasubiri niseme kama ni vipuri.

"Hayo tupa."

"Hayana kazi?"

"Shangazi, hayo ni mayai."

"Nnajua ni mayai. Nnauliza kama yana kazi. Wewe ndiye uliyesoma."

Nikabofya. Likatokea, likatoweka.

Nikaiunga kompyuta kwenye intaneti ya simu yangu, nikaifuta programu inayozisoma skripti, nikaipakua upya, toleo la zamani linaloendana na mashine ya zamani. Kazi hiyo ilikula asubuhi yote. Adhuhuri ikaadhiniwa, wakasali, nikasali, tukaletewa wali na mchuzi wa changu, tukala, na mstari wa kupakua ulikuwa bado unasogea kama bwana harusi asiyempenda mchumba. Ulipofika mwisho nikanawa mikono, nikakaa vizuri kwenye kiti, nikabofya.

Siandiki kilichotokea. Kilichotokea kilitoweka.

"Hiyo diploma," akauliza bibi wa Makunduchi, huku akichokoa meno, "unayo hapa?"

"Ipo nyumbani, ukutani."

"Hebu ukailete. Pengine mashine itaona haya ikikuona nayo."

Shangazi hakucheka. Alikuwa ameanza kusogeza sogeza vitu mezani, dalili ambayo naijua tangu utotoni. Akasema pole pole, "Nshaisomea Ayatul Kursiy tangu jana."

"Shangazi, hiki si kitu cha kusomewa."

"Kila kitu cha kusomewa."

"Kuna mtu mwengine aliyeigusa? Kuna kitu kimebadilishwa humu ndani?"

"Nani abadilishe? Mie nnaifuta vumbi tu. Sikubadilisha kitu."

Alisema kweli, na baadaye nilielewa kwa namna gani alisema kweli. Lakini wakati ule nilimwamini kwa maana ya kawaida, na mtu aliyesoma akiamini jambo kwa maana ya kawaida huharibikiwa na mchana mzima.

Bibi wa Makunduchi akajivuta, akasimama, akafunga kanga upya, akachungulia dirishani kuangalia jua lilivyolala kwenye ukuta wa jirani. "Nende zangu nkatie udhu," akasema. "Alasiri haiko mbali." Kisha, kwa sauti nyengine, akamwambia shangazi, "Mwenzangu, kama haikuandikwa haikuandikwa. Mjukuu wako ataoa na kofia yoyote. Kadhi haangalii kofia."

"Mie naiangalia," akasema shangazi.

Akaketi kitandani. Nilimuona akiutazama ule uzi wenye fundo.

Sasa, kuna jambo ambalo chuoni hufundishwa wiki ya kwanza, na ndiyo maana mtu wa kiwango changu halikumbuki upesi. Skripti inayokufa mara tu ikizaliwa hufa na maneno mdomoni. Lile dirisha jeusi halitoweki bure. Limeandika sababu ya kufa kwake, ila linaondoka nayo kabla hujasoma. Dawa yake ni kutobofya. Unalifungua dirisha jeusi wewe mwenyewe kwanza, likiwa tupu, kisha unaiita skripti kwa jina lake kutoka humo ndani. Ikifa, inafia mbele yako, na maneno yanabaki.

Nikalifungua. Nikaandika jina la skripti. Nikabonyeza.

Maneno yakabaki. Mashine ilisema, kwa Kiingereza chake kikavu, kwamba "Bismillahi" si amri inayotambulika. Chini yake ikasema kwamba katika faili ya pili kuna kosa la maandishi, mstari wa kwanza.

Nimeona ujumbe mwingi wa makosa maishani mwangu, katika mabara mawili, lakini huo ulikuwa wa kwanza ambao sikutaka kumtafsiria mtu yeyote chumbani.

"Imesema nini?" akauliza shangazi.

"Imesema kuna neno haikulielewa."

"Neno gani?"

Nikaifungua faili ya kwanza kama maandishi ya kawaida ili niione kwa macho yangu. Mstari wa kwanza kabisa, juu ya kazi yangu, palikuwa na Bismillahi Rrahmani Rrahim. Mstari wa pili: Mwenyezi Mungu amghufirie mwenye kazi hii, amin. Kisha, mstari wa tatu, ndipo programu yangu inaanza, imetulia kama mtoto aliyetanguliwa mlangoni na wakubwa. Nikaifungua ya pili. Hivyo hivyo. Ya tatu hivyo hivyo.

"Shangazi. Nani aliyeandika haya?"

Akaja akavaa miwani. "Si mie."

"Si wewe?"

"Nakwambia, kama si mie, nani? Ni mie. Siku ya arubaini, watu walipokwisha kuondoka, nilikaa hapo ulipokaa. Marehemu alikuwa hashiki penseli ila ameanza kwa Bismillahi. Karatasi zake zote za zamani, kabla mchwa hawajazila, ilikuwapo juu, yeyote atakwambia. Nikafungua humu, nikatazama, hakuna. Kila nnapofungua hakuna. Nikasema, huyu mtoto amesoma Ulaya, amesahau. Nikamwandikia. Zile za maua zilikataa herufi, lakini hizi tatu zilikubali."

Zile za maua zilikataa kwa sababu ni picha. Lau zingekuwa maandishi, ua lote la marehemu lingeingiwa na sala kwenye kila jani, na mimi leo ningekuwa naandika habari nyengine.

"Shangazi, nilikuuliza kama kuna kilichobadilishwa."

"Na nikakujibu. Kuandika Bismillahi ni kubadilisha?"

Kwa hilo chuo changu, kwa kadiri ninavyokumbuka, hakikuwa na somo. Kompyuta husoma faili kutoka juu kwenda chini na kila mstari huuchukua kuwa amri. Ikikutana na mistari isiyoijua, hulalamika, na mwisho husimama. Nikamweleza hivyo. Akasikiliza, akatikisa kichwa, na nikadhani tumeelewana. Bibi wa Makunduchi alikuwa bado bafuni anatia udhu. Nikaifuta ile mistari miwili katika faili zote tatu, nikahifadhi, nikaita.

"Kichwa?" ikauliza kompyuta.

Nikaupima uzi kwa rula, nikaandika kipimo. Printa ikajikohoza. Karatasi ikaanza kutoka, kidogo kidogo, na juu yake maua ya marehemu, tundu kwa tundu, yamejipanga upya kwa kichwa cha mjukuu wake. Niliinuka na kuishika kabla haijamaliza kutoka, nikamkabidhi shangazi kama wanavyokabidhiwa watu vyeti kwenye mahafali. Nilitegemea machozi. Sikatai, nilishatayarisha la kusema.

Yeye alikuwa anakitazama kiwambo.

"Iko wapi?"

"Nini?"

"Bismillahi. Iko wapi?"

"Nimeitoa, shangazi. Ndiyo iliyokuwa inazuia."

Akaiweka karatasi mezani, uso chini.

"Hii siitaki."

"Shangazi, ndiyo hii hii. Ua ndilo. Kipimo ndicho."

"Umeitoa Bismillahi kisha ndiyo kazi ikaenda. Ndivyo ulivyosema?"

"Ndivyo, lakini..."

"Na dua ya mume wangu umeitoa."

"Nayo, lakini..."

"Basi mjukuu wangu akae mbele ya kadhi, kichwani amevaa kitu ambacho kimekubali kufanyika baada ya kutolewa jina la Mungu na dua ya babu yake. Hebu nambie wewe uliyesoma, ndoa hiyo itakaa?"

Nilimwambia kwamba hesabu ni hesabu. Akasema hakuuliza hesabu. Nilimwambia kwamba hata katika ndege anayopanda mtu kwenda Hija kuna kompyuta, na ndani ya kompyuta hiyo hakuna mstari wa Bismillahi. Akasema rubani bila shaka huisoma, na kama haisomi asiambiwe, kwa sababu yeye Hija hajaenda bado na angependa kwenda bila wasiwasi.

Bibi wa Makunduchi akatoka bafuni akidondosha maji, akakuta karatasi imelala kifudifudi na watu wawili wamenuniana. Akaiinua, akaitazama. Uso wake ulibadilika kidogo tu, lakini nilimuona. Akapitisha kucha juu ya safu moja ya matundu.

"Ndilo," akasema. "Ndilo lenyewe. Mbona mmenuna?"

Shangazi akamweleza. Yule bibi akaisikiliza kesi yote, akairudisha karatasi mezani, tena akaigeuza kifudifudi kama alivyoikuta.

"Hapo mwenzangu umesema kweli," akasema. "Mie pia siishoni hivyo."

Na Alasiri ikaadhiniwa. Kiponda misikiti ni mingi na kila mmoja una haraka zake. Adhana zikaingia dirishani moja nyuma ya nyengine. Wale wawili wakatandika misala yao. Nilikuwa na muda wa rakaa zao nne na sunna za bibi wa Makunduchi, ambaye, nashukuru, ni mtu wa sunna nyingi. Mimi nikasema nitasali nikimaliza.

Jawabu lenyewe, likishajulikana, ni dogo mpaka linaudhi. Kila lugha ya kompyuta ina alama ambayo ukiitia mwanzoni mwa mstari, mashine huuacha mstari huo ulivyo. Haiusomi kama amri, haiufuti, haiulalamikii. Unabaki pale kwa ajili ya watu. Sisi hutumia alama hiyo kuandikiana maelezo, na wengine huitumia kutukanana. Nikairudisha Bismillahi katika faili zote tatu, herufi kwa herufi, kama alivyoiandika. Nikairudisha dua. Mbele ya kila mstari nikatia alama. Kisha nikasubiri wapige salamu.

Shangazi akaja na miwani, bado ameshika tasbihi. Akasoma. Kidole chake kikasimama penye alama.

"Na hiki kidudu cha nini? Sikukiandika mie."

Hapa nilijua kwamba neno moja likienda kombo, mjukuu ataoa na kofia ya Kendwa. Nikafikiri. Kitaaluma, alama ile huiambia mashine: mstari huu haukuhusu. Hilo halikuwa la kumwambia shangazi.

"Hiki," nikasema, "ndicho kinachoiambia mashine inyamaze. Hapa yanasomwa maneno ambayo si yake, itulie mpaka yaishe, ndiyo ianze kazi."

Akavuta punje za tasbihi, moja, mbili, tatu.

"Kwa hivyo inasubiri."

"Inasubiri."

"Kila mara?"

"Kila ukiiita, inafika hapa kwanza, inapita kwa adabu, ndiyo inaanza."

"Mwanzo haikuwa na adabu hiyo?"

"Mwanzo ilikuwa inabishana na maneno."

"Ehee," akasema bibi wa Makunduchi kutoka kwenye msala. "Mie nna mkwe wangu Makunduchi, hebu nipe kidudu hicho nkamtie."

Shangazi akacheka, na mkono wake ukashuka kutoka kwenye kiwambo. "Haya. Iite."

Nikaiita. Mashine ikapita juu ya Bismillahi na juu ya dua bila neno, ikauliza, "Kichwa?", nikaandika, printa ikajikohoza upya. Ile karatasi ya kwanza na hii ya pili zilikuwa sawasawa, tundu kwa tundu. Niliziweka pamoja dhidi ya mwanga wa dirisha kuhakikisha, kwa sababu mimi ni mtu wa kuhakikisha. Shangazi alizitazama zilivyolingana, akaichukua ya kwanza, akaikunja mara nne, akaitia ndani ya jiko la mkaa pamoja na udi. Ya pili akaipiga busu, akampa mwenzake.

Bibi wa Makunduchi akaikunja kwa mduara, akaizungushia ukanda wa kanga, akateremka zile ngazi kwa mwendo ambao mimi siuwezi. Kutoka chini tulimsikia akimpigia simu yule mfanyabiashara wa kofia za Kendwa, na alichomwambia kilisikika na Kiponda nzima: mwaka huu hapana, bwana, macho yana kazi.

Miezi ikapita. Ramadhani ikaja, ikaondoka. Siku ya ndoa, alfajiri ya Ijumaa moja ya Mfungo Mosi, nilikuwa sebuleni kwa shangazi pamoja na wanaume wengine tuliokuwa tunamsubiri bwana harusi tumpeleke msikitini. Wengi walikuwa wananiuliza habari za simu zao.

Bwana harusi akatoka chumbani amevaa kanzu na joho, kichwani ile kofia, nyeupe, imekaa sawa. Akaenda kumbusu bibi yake mkono. Shangazi hakumpa mkono. Aliinuka, akaivua kofia ile kichwani mwake mbele ya watu wote, akaigeuza, akaitazama upande wa ndani, mahali ambapo uzi hauwezi kudanganya. Akazungusha kidole ukanda mzima, akarudi pale alipoanzia: ua limeungana. Hata waliokuwa na simu mbovu walizitia mfukoni.

Mimi nilisogea mbele hatua moja, endapo ataniita.

Akamvisha tena, akaishusha kidogo kwenye paji la uso, pale marehemu alipokuwa akiiweka yake.

"Haya, nenda," akamwambia. "Mnachelewa."